Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji aliyefundisha kwa mpira na vipande vya mbao

Kuna lalamiko linalosikika katika parokia zetu karibu kila mwaka, hasa wakati wa kulipa minerval. Mzazi anamuuliza mtoto wake wa miaka minne alichojifunza katika maternelle, na mtoto anajibu kwamba walicheza. Kesho yake mzazi anakwenda kumwona mwalimu, au anamwendea mchungaji moja kwa moja kwa kuwa shule ni ya kanisa. Pesa tunazozipata kwa jasho, anauliza, ni za kucheza? Watoto wa jirani wameanza kuandika majina yao, na wetu anarudi na udongo kwenye nguo.

Tumeona vema kujibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja, Friedrich Fröbel. Yeye ndiye aliyeanzisha shule ya watoto wadogo na kuiita bustani ya watoto. Neno lake la Kijerumani, Kindergarten, limeenea duniani kote, na kwa Kifaransa likawa jardin d'enfants. Alikuwa mtoto wa mchungaji, na mwishoni mwa maisha yake serikali ilizipiga marufuku shule zake kwa shtaka kwamba zinawafundisha watoto kumkana Mungu. Tutafika huko.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kwenye milima ya Thuringia. Ujerumani ya wakati ule haikuwa nchi moja. Ilikuwa falme na tawala nyingi, nyingine ndogo kuliko teritware zetu. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mwenye washirika wapatao 5,000 waliotawanyika katika vijiji sita au saba. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya mchungaji anajua maana yake: baba ni wa watu wote, na wa nyumbani wanapata mabaki ya siku. Friedrich alikuwa hajatimiza mwaka mmoja mama yake alipofariki. Akaachwa mikononi mwa watumishi na kaka zake.

Alipokuwa na miaka mitatu hivi, baba alioa tena. Mwanzoni mama wa kambo alimpenda, na mtoto akamshika kwa moyo wote. Kisha mama huyo akapata mtoto wake wa kuzaa, na pendo likageuka. Kijerumani kina neno la kumwita mtu wa karibu, na lingine ambalo mtu mkubwa alilitumia zamani kwa mtumishi au mtu wa chini. Mama akaacha kumwita kwa lile la kwanza, akaanza kumwita kwa lile la pili. Fröbel alipokuwa mtu mzima aliandika jambo hilo kama kidonda ambacho hakijapona.

Baba alijaribu kumfundisha kusoma, akaona ni kazi ngumu, akaamini mtoto hana akili. Alimpeleka katika shule ya wasichana ya kijiji, kwa kuwa aliiona ina utaratibu mzuri kuliko ile ya wavulana. Siku ya kwanza watoto walikuwa wakirudia kwa sauti mstari wa Mathayo 6 kuhusu ufalme wa Mungu, na maneno hayo yalikaa ndani yake hadi uzee. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba watoto wa umri ule hawasikii kitu katika ibada.

Akiwa na miaka kumi, mjomba wake, ndugu wa marehemu mama yake, aliyekuwa msimamizi wa kanisa katika mji wa Stadtilm, alimwona namna anavyoishi na akaomba amchukue. Huko mtoto akapata pumzi. Alipewa uhuru na kuaminiwa, akawa na wenzake wapatao arobaini wa shule. Lakini walipotoka uwanjani kucheza, Friedrich alibaki nyuma. Mikono na miguu yake haikujua. Miaka kumi ya kwanza ilikuwa imepita bila michezo, na sasa ilimlazimu kujifunza akiwa amechelewa mambo ambayo wenzake waliyapata wakiwa wachanga. Mara nyingi tunafikiri kwamba mtoto asiyecheza ni mtoto mtulivu, aliyelelewa vizuri. Huyu alikuwa mtulivu kwa sababu kuna kitu alikosa.

Ujana wake haukunyooka. Alijifunza kazi ya msitu na upimaji wa mashamba. Mwaka 1799 alikwenda chuo kikuu cha Jena, akaingia katika deni, sehemu kwa sababu alimkopesha kaka yake, na akafungwa wiki tisa katika gereza la chuo. Baba yake alilipa kwa sharti kwamba asidai urithi tena. Baada ya hapo alikuwa karani, mpimaji, mtunza hesabu za mashamba ya matajiri. Mwaka 1805 akaenda Frankfurt akitaka kuwa mjenzi wa majumba. Huko mkurugenzi wa shule moja, Gruner, alimsikiliza akizungumza, akamwambia aache majengo awe mwalimu. Alipoingia mbele ya darasa la wavulana kwa mara ya kwanza alijisikia, kama alivyomwandikia kaka yake Christoph, kama samaki aliyerudishwa majini. Alikuwa na miaka 23.

Mwalimu mkubwa wa Ulaya siku hizo alikuwa Johann Heinrich Pestalozzi, kule Yverdon katika Uswisi, na kuanzia 1808 hadi 1810 Fröbel aliishi karibu naye. Alijifunza kwake kwamba mtoto huanza kwa kuona na kugusa, maneno yakifuata nyuma. Lakini alirudi na swali. Watoto waliofika shuleni walikuwa na miaka sita, saba, na tayari wengi walikuwa wameshapinda kama mti uliokua bila mtu wa kuunyoosha. Nani anashughulika na ile miaka ya kabla?

Swali hilo lilimchukua miaka karibu thelathini, na katikati kulikuwa na vita. Mwaka 1813 aliingia jeshini kupigana na Napoleon, na huko alipata marafiki wawili, Wilhelm Middendorff na Heinrich Langethal, vijana waliokuwa wakisomea uchungaji. Hawa wawili walishikamana naye kwa miaka mingi. Mwaka huohuo kaka yake Christoph, naye mchungaji, aliwauguza askari waliougua homa ya tifasi, akaambukizwa, akafa. Aliacha mjane na wavulana watatu.

Fröbel wakati huo alikuwa amepata kazi nzuri Berlin, katika makumbusho ya mawe ya chuo kikuu, akitazama namna fuwele zinavyojipanga kwa pande na kona zilizo sawa kana kwamba kuna mkono unaozipanga. Aliiacha kazi hiyo. Tarehe 13 Novemba 1816 akafungua shule katika kijiji cha Griesheim kwa ajili ya watoto wa ndugu zake: watatu wa Christoph na wawili wa kaka mwingine. Wanafunzi watano, wote wa ukoo. Mwaka uliofuata alihamia Keilhau, na hapo shule ikakua. Watoto walisoma, lakini pia walipanda milima, walilima bustani, walizuia vijito kwa mawe na kujenga madaraja. Mwaka 1826 aliandika kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya mwanadamu. Baadaye watawala wakaanza kushuku shule hiyo kwamba inalea waasi, wazazi wakaondoa watoto wao, na kufikia 1829 walibaki watano tu. Amerudi alikoanzia, na madeni juu.

Alikwenda tena Uswisi kutafuta nafasi. Katika mji wa Burgdorf alipewa kuongoza nyumba ya yatima, na hapo mwishowe akawa na watoto wadogo mbele yake kila siku. Akaanza kujaribu. Wewe msomaji unayelea yatima wa vita katika nyumba yako utaelewa kwa nini tunalitaja hili: kazi ile iliiva kati ya watoto waliokosa mama, mikononi mwa mtu aliyekosa mama. Yeye mwenyewe, ingawa alioa mara mbili, hakuzaa.

Mwaka 1837, akiwa na miaka 55, alirudi Thuringia, katika mji mdogo wa Blankenburg, akaanza kutengeneza vitu vya kuchezea. Aliviita zawadi. Hapa tunaomba subira, kwa maana mambo yenyewe ni madogo na ni rahisi kuyapita haraka.

Zawadi ya kwanza ni mipira sita midogo laini, iliyofumwa kwa sufu, ya rangi sita: nyekundu, ya chungwa, manjano, kijani, buluu na zambarau. Kila mmoja una kamba. Ni ya mtoto mchanga, na mwalimu wake ni mama. Mama anaushika mpira kwa kamba na kuubembeza mbele ya mtoto, akiimba: unakuja, unakwenda, uko juu, uko chini. Anauficha mkononi, kisha anautoa. Kwa macho ya mtu mzima hakuna kinachotokea. Lakini mtoto anajifunza kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, na kwamba kilichoondoka kinaweza kurudi. Anajifunza kulia na kushoto, ndani na nje, sasa na bado, kabla hajaweza kusema hata neno moja kati ya hayo.

Zawadi ya pili ni vitu vitatu vya mbao: mpira mgumu, kipande chenye pande sita zilizo sawa kama dadu, na kati yao kigogo cha duara, ambacho kinabingirika kama mpira na pia kinasimama kama dadu. Mtoto anavisukuma na kugundua mwenyewe kipi kinakimbia na kipi kinagoma. Kisha mwalimu anaitundika dadu kwa kamba na kuizungusha kwa kasi, na kona zake zinapotea, inaonekana kama kigogo. Anakitundika kigogo kwa ubavu wake, anakizungusha, na ndani yake unaonekana mpira. Watu wazima wanaoliona jambo hili kwa mara ya kwanza huomba lirudiwe.

Zawadi ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Ni sanduku dogo, na ndani yake dadu moja ya mbao iliyokatwa vipande vinane vilivyo sawa, kila kimoja chenye upande wa sentimita mbili na nusu hivi. Mwalimu hamimini vipande mezani. Analifunika sanduku, analigeuza, anavuta kifuniko polepole na kuliinua, na mtoto anaona kitu kizima kimesimama mbele yake. Kisha anaanza kukifungua. Akikikata katikati anapata nusu mbili. Akikata tena ni robo. Akitenganisha vyote ni vipande vinane, na akivirudisha, kile kizima kipo palepale. Hilo ndilo somo la hesabu ambalo watoto wetu wengi hulilia katika darasa la nne la primere, kwa sababu wanakutana nalo kwa mara ya kwanza ubaoni, kwa chaki, bila kulishika.

Baada ya hapo mtoto anajenga: kiti, meza, kitanda cha bibi, mlango, kisima, kanisa. Kanuni ya Fröbel ilikuwa kwamba asibomoe ili kuanza upya. Anasogeza kipande kimoja au viwili na kiti kinakuwa kitanda. Tena atumie vipande vyote. Kile kisichoingia katika nyumba kiwe mti uani, au kuku, au mtoto amesimama mlangoni, ili pasiwe na kipande kilichotupwa. Alitaka pia mtoto apange maua na nyota kwa vipande hivyo kwa ajili ya uzuri tu. Mchezo ukiisha, mtoto mwenyewe anavirudisha katika sanduku, vikiwa kitu kizima.

Zawadi nyingine zilifuata, zenye vipande vingi zaidi, baadhi vimekatwa kimshazari. Zilikuwepo pia kazi za mikono: kukunja karatasi, kusuka vipande vyake kama mkeka, kufinyanga udongo, kuunganisha vijiti kwa mbaazi zilizolowekwa. Na ilikuwepo bustani halisi. Kila mtoto alikuwa na kitalu chake kidogo, na vitalu hivyo vilizungukwa na shamba la wote. Aliyeacha cha kwake kikauke alikiona kila siku.

Jina lilimjia akiwa njiani. Alikuwa akitembea na marafiki kutoka Keilhau kuelekea Blankenburg, akisumbuka namna ya kuiita kazi yake, maana hakupenda neno shule. Walipofika mahali panapoonekana bonde lote, akalipata: bustani ya watoto. Tarehe 28 Juni 1840 aliitangaza rasmi. Mtunza bustani hauvuti mche ili urefuke. Anaujua, anaupa mahali na maji, anaulinda.

Kazi hiyo aliikabidhi kwa wanawake, na jambo hilo liliwachekesha walimu wengi wa siku zake. Aliwafundisha wasichana, wengine kutoka familia za kawaida, kuwa walimu wenye ujuzi wa kweli. Mwaka 1848, katika mkutano wa walimu huko Rudolstadt, wengi walikuja kumdhihaki. Walipomwona akicheza na watoto na kueleza kila hatua ina maana gani, wengi walibadilika. Mwaka uliofuata, katika mji wa Liebenstein, mama mmoja mwenye cheo, Bertha von Marenholtz-Bülow, aliambiwa kwamba kuna mzee mpumbavu amehamia pale, anayecheza na watoto wa wakulima. Alitaka kumwona. Akamkuta mtu mrefu, mwembamba, mwenye nywele ndefu za mvi, akiongoza kundi la watoto, wengi wao bila viatu, wakicheza na kuimba kilimani. Alisimama akatazama, na machozi yakamtoka. Maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kuisambaza kazi hiyo Ulaya.

Kisha likaja pigo. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani za watoto katika ufalme wake wote. Sababu: zinaeneza usoshalisti na kutomwamini Mungu. Kulikuwa na kosa la wazi. Mtoto wa ndugu yake, Karl Fröbel, alikuwa ameandika kijitabu kuhusu elimu ya wasichana na bustani za watoto, nacho kiliwaudhi wakuu, wakawachanganya wawili hao. Mzee aliandika kueleza kwamba yeye si yule. Amri haikuondolewa.

Hapa ni lazima tuseme kweli, kwa kuwa wapo wandugu watakaouliza. Fröbel hakuwa mwanatheolojia makini. Alizungumza juu ya Mungu anayeishi na kufanya kazi katika vitu vyote, na juu ya umoja wa vitu vyote ndani yake, kwa namna ambayo waalimu wa mafundisho waliona ina ukungu. Mpira kwake ulikuwa mfano wa umoja huo, na hapo hata sisi tunapata shida kumfuata. Lakini kumwita mkana Mungu mtu aliyewafundisha watoto kuona mkono wa Muumba katika jani na jiwe, hilo lilikuwa uonevu. Tumeona mambo ya namna hiyo hata kwetu: mwalimu wa Shule ya Yenga akiwapa watoto udongo wafinyange safina ya Nuhu, mzee mmoja anauliza kama hayo yameandikwa.

Fröbel alifariki huko Marienthal, karibu na Liebenstein, tarehe 21 Juni 1852, miezi kumi baada ya amri ile. Hakuiona ikifutwa. Ilifutwa mwaka 1860. Wakati huo wanafunzi wake walikuwa tayari wamevuka bahari: mwaka 1856 Margarethe Schurz alifungua bustani ya watoto katika nyumba yake huko Watertown, Marekani, kwa wanawe na watoto wa jamaa.

Waliomfuata hawakuwa waaminifu kwa roho yake sikuzote. Wengine waliigeuza michezo ile kuwa amri: watoto wote wachukue kipande cha kwanza pamoja, wakiweke kushoto pamoja, wangoje. Masanduku yakawa bidhaa ya madukani, na walimu maskini wakaamini kwamba bila sanduku hawawezi kufundisha. Hilo ndilo kosa linalotuhusu sisi zaidi. Mahali ambapo shule zetu za maternelle zina vyumba vya mbao na sakafu ya udongo, tunasikia kwamba kazi haiwezi kuanza mpaka mfadhili atume vifaa.

Lakini seremala yuko katika kila parokia, na mabaki ya mbao zake huishia jikoni. Aombwe vipande vinane vilivyo sawa, vilivyopigwa msasa visichome mikono. Mpira wa nguo kuukuu unashonwa na kikundi cha mama kwa jioni moja. Vifuniko vya chupa, vikiwa vikubwa vya kutosha mtoto asivimeze, vinahesabika na kupangwa kwa rangi. Watoto wa kambi za wakimbizi wanatengeneza magari kwa makopo ya sardini na waya bila mtu kuwaelekeza, wakipima magurudumu kwa jicho. Anayekosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kukaa chini pamoja nao, kuuliza hili limekuwaje, na kungoja jibu.

Kwa mzazi aliyelipa minerval, tungependekeza kesho ambadilishie mtoto swali. Badala ya kuuliza amejifunza nini, amwombe amwonyeshe walichojenga, ampe vijiti au vibao vichache, akae naye mkekani kidogo.

Fröbel amezikwa Schweina, si mbali na nyumba alimofia. Juu ya kaburi lake Middendorff alitaka pasimame vitu vitatu vya zawadi ya pili, vikiwa vya jiwe: dadu chini, juu yake kigogo cha duara, na juu kabisa mpira. Mtoto yeyote wa miaka mitatu aliyevichezea atakuambia kwamba, kati ya hivyo vitatu, mpira hauna mahali pengine ila juu kabisa.